Mashine Isiyojua Kuzidisha na Jinsi Ilivyochora Duara

Je, wajua kwamba prosesa iliyokuwa ndani ya kompyuta kadhaa maarufu za nyumbani za miaka ya 1980 haikuwa na amri ya kuzidisha? Kugawanya nako ilikuwa haijui. Jina lake ni MOS 6502. Ilitoka Marekani mwaka 1975 na kuuzwa kwa dola 25, ilhali Intel 8080 iliyoitangulia kwa mwaka mmoja ilikuwa imeingia sokoni kwa dola 360. Kwa bei hiyo ulipata kujumlisha, kutoa, kulinganisha, na kusogeza biti kushoto au kulia. Ukitaka 7 mara 5, uijenge mwenyewe.

Hata hivyo Apple II ya 1977 na BBC Micro ya 1981, zilizobeba 6502, pamoja na Commodore 64 ya 1982, iliyobeba ndugu yake wa damu, zilichora duara, zikapeperusha maandishi kwenye skrini kwa mawimbi laini, zikazungusha vyombo vya anga pande zote. Iliwezekana kwa sababu sehemu kubwa ya hesabu ilikwisha kufanyika kabla programu haijawashwa, na aliyeifanya ni chombo ambacho mchezaji hakukiona hata siku moja: asembla.

Prosesa haisomi maneno, inasoma namba. Amri inayoiambia 6502 iweke 5 kwenye rejista yake ya A ni baiti mbili tu, 169 na 5. Mwanadamu akilazimishwa kuandika kurasa nzima za namba za namna hiyo atakosea, na akikosea hatajua ni wapi. Mwaka 1947, katika chuo cha Birkbeck, London, Kathleen Booth alibuni njia ya kuandika programu za kompyuta ya ARC kwa alama zinazosomeka, na mara nyingi ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa lugha ya asembli. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 100. Mwaka 1949, huko Cambridge, David Wheeler aliiandikia kompyuta ya EDSAC amri 31 za kuanzia. Zilisoma herufi na namba kutoka kwenye utepe wa karatasi na kuzigeuza kuwa amri za mashine, na kazi hiyo ndiyo kazi ya asembla hadi leo. Programu mojawapo ya kwanza kabisa kutekelezwa na EDSAC, mwezi Mei mwaka huohuo, ilichapa jedwali la miraba ya namba. Asembla na majedwali, basi, walilelewa nyumba moja.

Tangu mwanzo asembla alihitaji hesabu kidogo. Anwani ya kumbukumbu kwenye 6502 ina biti 16, lakini prosesa hubeba biti 8 kwa wakati mmoja, hivyo anwani 49,152 lazima ikatwe vipande viwili, 192 na 0. Asembla alipewa alama mbili za kukatia, moja ya kipande cha juu na moja ya kipande cha chini. Baadaye wakaja watu waliouliza swali zuri: ikiwa asembla mwenyewe ni programu inayoendeshwa kwenye kompyuta, tena siku hizi kompyuta yenye nguvu mara maelfu kuliko ile inayotengenezewa programu, kwa nini tumwachie kukata anwani tu? Apewe sini, kosini, tanjenti, kipeuo cha pili, logarithimu, na kukadiria desimali kuwa namba nzima.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na ningependa tuelewane vizuri. Sini iliyomo ndani ya asembla haiingii kwenye programu. Ukiandika mstari unaoomba sini ya nyuzi 30, asembla hukokotoa 0.5 papo hapo, huizidisha na kuikadiria kama ulivyoagiza, kisha huandika baiti moja kwenye faili na kuendelea na mstari unaofuata. Programu ikifika kwenye Commodore 64 haina habari kwamba sini iliwahi kuwepo. Inakuta namba. Fanksheni imefanya kazi yake na kuondoka, na mashine dhaifu haikulipa hata mpigo mmoja wa saa yake.

Mfano unaopendwa zaidi na watu wa fani hii ni jedwali la baiti 256. Katika Kick Assembler, asembla ya Commodore 64 iliyotungwa na Mads Nielsen, linaandikwa kwa mstari mmoja: jaza baiti 256, kila moja iwe 127.5 kujumlisha 127.5 mara sini ya i, ambapo i inatoka 0 hadi 255 na kufanya mzunguko kamili wa nyuzi 360. Namba za kwanza zikikadiriwa ni 128, 131, 134, 137. Zinapanda kwa tatutatu. Kadiri zinavyokaribia kilele mwendo unapungua, hadi 255 inajirudia mara saba mfululizo kabla ya kuanza kushuka. Kitu chochote kikiwekwa kwenye skrini kwa kufuata namba hizo kitapanda, kitapunguza kasi, kitatulia juu, kisha kitashuka bila mshtuko, na jicho litakubali kwamba kitu hicho kina uzito.

Kwa nini 256, na si 360 kama tulivyofundishwa shuleni? Kwa sababu rejista ya X ya 6502 ina biti 8. Inahesabu kutoka 0 hadi 255, na ukiiongeza moja zaidi inarudi 0 yenyewe. Duara likigawanywa sehemu 256 basi pembe haihitaji kulindwa isivuke mzunguko: rejista inalifunga duara kwa maumbile yake. Ukitaka kosini badala ya sini, ongeza 64, yaani robo ya mzunguko, na usome jedwali lilelile. Amri ya kusoma inachukua mapigo manne ya saa, na kwenye mashine yenye mapigo takriban milioni moja kwa sekunde hiyo ni mikrosekunde nne hivi. Nimeona hila nyingi za kompyuta, lakini chache zinanifurahisha kama hii, ambapo upungufu wa chombo umegeuzwa kuwa ndio unaokirahisishia kazi.

Hiyo 127.5 nayo ina sababu. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika 128 kujumlisha 128 mara sini, kwa kuwa inapendeza machoni. Kwenye kilele sini ni 1, jumla inakuwa 256, na 256 haimo ndani ya baiti. Ikikatwa inabaki 0. Mpira uliokuwa ukipanda taratibu, ufikapo juu kabisa, unatokea chini ya skrini kwa kufumba na kufumbua na kurudi tena juu. Kosa la pili linalotesa wengi ni la vipimo: fanksheni hizi hupokea radiani, si nyuzi. Kick Assembler ina fanksheni ya kugeuza nyuzi kuwa radiani, na BASIC ya BBC ina yake. Ukisahau kuitumia, asembla hatalalamika hata kidogo. Sini ya radiani 90 ni namba halali, ila si uliyoitaka.

Sasa turudi kwenye kuzidisha, kwa maana hapa jedwali linafanya jambo la ajabu zaidi. Commodore 64 ya Ulaya ilichora picha 50 kwa sekunde, na kati ya picha moja na inayofuata prosesa ilipata mapigo 19,656. Kuzidisha namba mbili za biti 8 kwa njia ya kawaida, yaani kusogeza biti na kujumlisha mara nane, kunakula mapigo mia na ushei. Tuseme 130. Ukiitoa picha nzima kwa ajili ya kuzidisha tu, utapata mara 150 hivi. Kuzungusha nukta moja katika pande tatu kunahitaji kuzidisha mara tisa, kwa hiyo ni nukta 16, bila kuchora hata mstari mmoja. Mchezo wa aina hiyo hauchezeki.

Dawa ilikuwa ya zamani kuliko kompyuta. Chukua jumla ya namba mbili, uizidishe kwa yenyewe, ugawe kwa 4. Chukua tofauti yao, ufanye vivyo hivyo. Toa ya pili kwenye ya kwanza: jibu ni zao la namba zile mbili. Kwa 7 na 5, jumla ni 12, mraba wake 144, robo yake 36. Tofauti ni 2, mraba wake 4, robo yake 1. 36 toa 1 ni 35. Ukiwa na jedwali la robo za miraba huzidishi tena. Unajumlisha, unasoma, unasoma, unatoa. Hata pale robo inapobaki na desimali hakuna hasara. Kwa 7 na 4 jumla ni 11 na robo ya mraba wake ni 30.25, tofauti ni 3 na robo yake ni 2.25, ukiitupa 0.25 pande zote mbili unabaki na 30 toa 2, ambayo ni 28. Jumla na tofauti za namba nzima huwa shufwa pamoja au witiri pamoja, hivyo kinachotupwa huku ndicho kinachotupwa kule.

Antoine Voisin alichapisha jedwali la namna hii mwaka 1817, likifika 1,000. Mwaka 1856 Samuel Laundy alilifikisha 100,000, na mwaka 1888 Joseph Blater akalifikisha 200,000. Walikuwa wakiwasaidia makarani na wapimaji. Karibu karne moja baadaye vijana wenye kompyuta za nyumbani waliikuta hesabu hiyo ikiwafaa kana kwamba ilitungwa kwa ajili yao. Jumla kubwa kabisa ya baiti mbili ni 510, na robo ya mraba wake ni 65,025, inayotosha ndani ya biti 16 bila kumwagika. Jedwali zima linahitaji kilobaiti moja hivi, na asembla mwenye kuzidisha na kugawanya hulijaza kwa mistari miwili, mmoja wa baiti za chini na mmoja wa baiti za juu.

Waliosoma sekondari Kenya au Tanzania wanaijua familia hii ya maarifa kwa mikono yao. Kile kijitabu chembamba cha majedwali ya tarakimu nne, logarithimu ukurasa huu, sini ukurasa ule, ni kazi ileile: mtu mmoja alikokotoa mara moja, maelfu wakasoma. Kutafuta logarithimu za namba mbili, kuzijumlisha, kisha kurudi kwenye jedwali kusoma jibu, ni kugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. 6502 ingelielewa somo hilo bila shida.

Nani alimpa asembla fanksheni hizi mapema na kwa ukarimu? Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni BASIC ya BBC, iliyoandikwa na Sophie Wilson wa kampuni ya Acorn, Cambridge, kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro. Wilson aliiweka asembla ndani ya BASIC yenyewe. Ulifungua mabano ya mraba katikati ya programu yako, ukaandika amri za 6502, ukayafunga, ukaendelea na BASIC. Matokeo yake ni kwamba kila hesabu ambayo BASIC iliijua, asembla aliijua pia: SIN, COS, SQR, LN, PI. Mtoto wa shule aliyetaka jedwali la sini hakuhitaji chombo cha pili. Alizungusha kitanzi cha BASIC, kikaweka baiti zake pale zilipotakiwa, kisha amri za mashine zikazisoma. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mtengenezaji wa chombo anaweza kumpa mwanafunzi: kumwekea mlango kati ya lugha nyepesi na lugha ya mashine, na kuuacha wazi.

Kwenye mashine hiyohiyo, yenye kilobaiti 32 za kumbukumbu, David Braben na Ian Bell walitoa mchezo wa Elite mwaka 1984. Vyombo vyake vya anga viligeuka angani kwa mistari mitupu, na mchezaji alisafiri kati ya nyota akifanya biashara. Jedwali lake la sini lina thamani 32 tu. Duara lote liligawanywa sehemu 64, nusu yake ikahifadhiwa, na nusu ya pili ikapatikana kwa kubadili alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa. Jedwali jingine la thamani 32 lilifanya kazi ya kinyume, la kutafuta pembe kutoka kwenye tanjenti yake. Baiti 64 kwa trigonometria yote ya mchezo uliojaa sayari na jua.

Wilson baadaye alibuni seti ya amri za prosesa ya ARM. ARM1, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1985, nayo haikuwa na amri ya kuzidisha. Iliongezwa kwenye ARM2. Ukoo huo ndio uliomo leo ndani ya karibu kila simu janja, pamoja na hiyo ambayo huenda unasomea makala haya.

Si kila asembla ana ukarimu huo. 64tass na ACME, zinazotumika sana kwa mashine za ukoo wa 6502, zina sini na wenzake. Asembla ya GNU, inayojenga sehemu kubwa ya programu za Linux, hukokotoa namba nzima tu; ukitaka sini huko utaandika programu fupi kwa lugha nyingine ili ikuchapishie namba, kisha uzibandike. NASM ina fanksheni za logarithimu kwa msingi wa 2, zikitoa namba nzima. Mimi siungi mkono hoja kwamba asembla abaki karani wa kunakili tu. Namba iliyobandikwa kutoka kwingine haisemi imetokana na nini. Miezi sita baadaye ukiiona 218 katikati ya jedwali huwezi kujua kama ni sahihi au ni kidole kilichoteleza. Fomula ikiwa ndani ya faili, mwenye kusoma anaona nia, na ukitaka wimbi refu zaidi unabadili namba moja.

Na jedwali likiharibika, gharama yake yaweza kuwa kubwa. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati huko Virginia, Marekani, aligundua kwamba prosesa ya Pentium ya Intel ilikosea kugawanya baadhi ya namba. Ukigawa 4,195,835 kwa 3,145,727 ilikupa takriban 1.33374 badala ya 1.33382. Ndani ya chipu kulikuwa na jedwali la kusaidia kugawanya, lililotakiwa kuwa na visanduku 1,066 vyenye thamani. Vitano viliachwa vitupu. Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilisha chipu hizo.

Leo kazi hii imehamia kwenye vichipu vidogo vya bei nafuu. Chukua ATmega328P, iliyo kwenye bodi za Arduino Uno, ambayo ukoo wake wa AVR ulianzia kwa wanafunzi wawili wa Trondheim, Norwei, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Inajua kuzidisha, kwa mapigo mawili tu, lakini desimali haizijui. Asembla yake ya asili ina fanksheni zinazolenga upungufu huo hasa: kukata baiti ya juu na ya chini, kutafuta kipeo na logarithimu ya 2, kuchukua sehemu nzima au sehemu ya desimali, na mbili ziitwazo Q7 na Q15 zinazogeuza desimali kuwa namba nzima ya umbo ambalo amri za kuzidisha za chipu hiyo zinalielewa. Hesabu za kila siku nazo humalizwa hapo. Kasi ya kuwasiliana na kompyuta kwa biti 9,600 kwa sekunde, kwenye chipu ya mapigo milioni 16, ni 16,000,000 kugawa kwa zao la 16 na 9,600, toa 1, yaani 103 na kidogo. Ukiandika fomula badala ya 103, siku utakayobadili fuwele ya saa namba zote zitafuata zenyewe.

Na sini bado inahitajika. Inveta nyingi za umeme wa jua, zile zinazouzwa kuwa zinatoa wimbi safi, hutengeneza wimbi hilo kwa chipu inayosoma jedwali na kuwasha na kuzima transista kwa muda mrefu au mfupi kulingana na kila thamani. Umeme wa Kenya na Tanzania una mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa jedwali la thamani 256 hiyo ni hatua 12,800 kila sekunde, na chipu ya mapigo milioni 16 inapata mapigo 1,250 kwa kila hatua: muda wa kutosha kusoma thamani, kuangalia joto na volti ya betri, na kusubiri. Nafasi ikiwa finyu, mtengenezaji huhifadhi robo tu ya wimbi, thamani 64 na moja ya kilele, akaisoma kwenda mbele, kisha kurudi nyuma, kisha mara mbili tena kwa alama ya kutoa. Inveta duni huruka hatua hizi na kutoa wimbi la mraba au la ngazi, na mota za friji na feni zilizotengenezwa kwa wimbi la sini hupata joto zaidi na kuunguruma zinapolishwa umeme wa namna hiyo.